Kadi ya bima haitamsemea mzee

Tangu Bunge la Tanzania lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, mjadala wa afya ya wazee umekuwa mjadala wa malipo. Nani ataingizwa kwanza, Serikali itamlipia nani, kadi itapokelewa wapi, dawa gani zitakuwamo. Katika kampeni za uchaguzi wa mwaka 2025 wazee walitajwa pamoja na watoto, wajawazito na watu wenye ulemavu kuwa makundi ya kuanza nayo, na wengi tukashusha pumzi: sasa mzee wetu atatibiwa. Mimi pia nilifurahi, na sifuti furaha hiyo. Ila ndani yake kuna kosa ambalo litatugharimu tusipolisema sasa. Tunadhani kati ya mzee na matibabu kuna pesa tu, na kwamba pesa ikishalipwa njia ni nyeupe. Si kweli. Mzee anayefika hospitali akiwa hana mtu wa kusikia naye, kuandika, kuuliza na ikibidi kulalamika, anaweza kulipiwa kila senti na bado akarudi nyumbani bila kutibiwa. Msindikizaji ni sehemu ya tiba ya mzee, na kusema pale anapohudumiwa vibaya ni kazi yake halali, haina utovu wa adabu ndani yake.

Suala la malipo halikuanza jana. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 na kuendelea, na msamaha wa gharama za matibabu kwa wazee wasio na uwezo umekuwapo kwenye miongozo ya Serikali kwa miaka mingi. Halmashauri zimetoa vitambulisho vya matibabu. Hospitali zimebandika vibao vya "Mpishe mzee apate huduma kwanza", na nyingi zina dirisha la wazee au chumba cha daktari wao. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, na katika kila mia wazee hawafiki sita. Ni takriban milioni 3.5. Kwa hiyo nia ya kuwatanguliza ipo, na imeandikwa. Tatizo la miaka yote ni neno "wasio na uwezo". Mzee alipaswa kwanza athibitishwe umaskini wake na ofisi ya kijiji au mtaa, na kitu kinachotolewa baada ya kuthibitisha umaskini huchukuliwa na pande zote mbili kuwa hisani. Zanzibar walilikwepa neno hilo walipoanzisha pensheni jamii Aprili 2016: ukifika miaka 70 unapewa, bila kuulizwa una shamba au huna. Bara tumebaki na mzee anayekwenda dirishani kwa unyonge, kitambulisho kikiwa kimekunjwa kwenye kona ya khanga, tayari ameshajiambia kwamba hana haki ya kuuliza kitu.

Sasa fuata nyayo za mzee huyo siku moja tu. Mapokezi anaambiwa aende chumba namba 8, ambacho kiko nyuma ya jengo jingine. Foleni inaitwa kwa sauti ya muuguzi aliyesimama mlangoni, jina likitamkwa mara mbili haraka haraka. Mzee masikio hayamsaidii. "Hayupo? Anayefuata." Amekaa pale pale kwenye benchi, hatua tatu kutoka mlangoni, na zamu yake imepita. Akiingia, daktari ana wagonjwa 40 wengine nje. Anapewa karatasi ya maabara, maabara wanamwambia alete mkojo wa asubuhi, anaona haya kuuliza choo kiko wapi. Majibu yakitoka daktari wa kwanza ameshaondoka na aliyeingia zamu anaanza upya. Kwenye dirisha la dawa anaelezwa kupitia tundu la kioo: hii moja mara mbili, hii nusu usiku, hii usile pamoja na ile. Anaitikia "ndiyo mwanangu" kwa kila neno, kwa sababu ndivyo mtu mwenye heshima anavyojibu. Hakusikia hata nusu. Na hapo hajatukanwa na mtu, kila mfanyakazi ametimiza kipande chake, na kadi ingelipa vipande vyote hivyo bila swali.

Nitaeleza jambo moja nililoliona mwenyewe. Nilimsindikiza mama yangu mkubwa kwenye hospitali moja kubwa, miguu ikiwa imevimba kwenye vifundo na kizunguzungu kinamshika kila akisimama. Daktari kijana hakumwamkia. Aliniuliza mimi, juu ya kichwa chake, "Huyu bibi ana nini?" Nikamjibu muulize mwenyewe. Mama akaeleza vizuri tu, tangu lini na ikizidi saa ngapi. Jibu likawa: "Bibi, huo ni uzee tu, upunguze chumvi." Tulikuwa tumebeba mfuko wa rambo wenye dawa zake zote, na niliumimina mezani kwa nguvu kidogo kuliko nilivyokusudia. Zilikuwamo paketi mbili za dawa ya presha, moja kutoka kituo cha afya na nyingine ya duka la dawa, rangi tofauti na majina ya biashara tofauti. Kwa maandishi madogo pembeni zote mbili zilikuwa amlodipine. Alikuwa anameza dozi mara mbili kwa miezi, na kuvimba vifundo ni jambo linalojulikana kuhusu dawa hiyo hata kwa dozi ya kawaida. Daktari alizitazama, akanyamaza, akafuta moja kwenye daftari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepata jibu la haraka kabla ya kuuliza swali, na kama mama angekwenda peke yake jibu hilo lingebaki.

Hilo "ni uzee tu" ndilo nataka tulitazame kwa makini, maana naliona ndiyo huduma mbaya inayoenea kuliko zote, na haipigi kelele. Tusi likisemwa kila mtu kwenye benchi analisikia. Utambuzi uliokatishwa njiani hausikiki. Uzee una mabadiliko yake, hilo halina ubishi, lakini mwili wa mzee una tabia ya kuonyesha ugonjwa kwa sura isiyo yake. Nimonia inaweza kumshika bila homa. Mshtuko wa moyo unaweza kuja bila maumivu ya kifua, akachoka tu na kukosa pumzi. Maambukizi ya njia ya mkojo humfanya mzee aliyekuwa timamu jana aanze leo kuongea na watu wasiokuwapo. Huzuni kali, ile inayohitaji tiba, hufichwa na maneno "hana hamu ya kula". Mtu pekee anayeweza kumwambia daktari kwamba "juzi hakuwa hivi" ni yule anayeishi naye. Bila sentensi hiyo daktari anaona mzee aliyechanganyikiwa na kuamua kwamba amekuwa hivyo siku zote. Na kwetu gharama ya kupuuza dalili haiishii kitandani. Kwenye maeneo ya Usukuma, akina mama wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, macho mekundu ya moshi wa jikoni yakitajwa kuwa ushahidi. Mzee anayepoteza kumbukumbu, anayetembea usiku na kunena yasiyoeleweka, akirudishwa kutoka hospitali bila jina la ugonjwa wake, kijiji kitampa jina lake chenyewe.

Kuna hoja dhidi ya msimamo wangu, na baadhi ni nzito. Ya kwanza inatoka kwa wahudumu wenyewe: wamechoka, hawatoshi, na ndugu wa mgonjwa wanawaongezea mzigo. Uchovu huo ni wa kweli. Muuguzi mmoja kwenye wodi iliyojaa usiku mzima hawezi kuwa mpole kwa kila mtu kila saa, na anayemshambulia yeye peke yake anamwachia mwajiri aliyeacha nafasi tano wazi apite salama. Lakini hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho inageuka upande wangu. Wodi yenye muuguzi mmoja tayari inaendeshwa na ndugu: wao ndio wanaoosha, wanaogeuza, wanaokimbilia dawa, wanaoleta uji. Hospitali inazitegemea nguvu zao kwa kazi ya mikono na kuwakatalia kazi ya macho na masikio. Anayeaminiwa kumwogesha mgonjwa anaweza kuaminiwa kuuliza sindano hii ni ya nini.

Ya pili ni hofu ya kulipiziwa. Mtu anakuambia, nyamaza, wewe utaondoka jioni, mama atabaki nao. Sitamcheka mtu mwenye hofu hii. Ni ya busara, na ndiyo sababu lalamiko lina namna yake. Ukipiga kelele mlangoni umetuliza hasira yako tu. Ukiandika tarehe, saa, namba ya chumba na maneno yaliyosemwa, ukaenda kwa muuguzi kiongozi wa wodi, na usiporidhika ukamwona mganga mfawidhi, umeweka jambo mahali ambapo mtu mwingine analazimika kulijibu. Juu yake ipo kamati ya usimamizi wa kituo yenye wawakilishi wa wananchi, ipo halmashauri, upo mfumo wa Serikali wa e-Mrejesho, na kwa makosa ya kitaaluma yapo Baraza la Madaktari Tanganyika na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ngazi hizi ni za polepole, wakati mwingine zinaudhi. Ila mhudumu aliyelalamikiwa kwa karatasi yenye nakala hana nafasi kubwa ya kulipiza, kwa sababu lolote litakalompata mgonjwa huyo baadaye litasomwa pamoja na karatasi hiyo. Sanduku la maoni lenye kufuli yenye kutu silitaji, kila mtu anajua halifunguliwi. Na video ya simu? Naelewa kwa nini watu wanairusha mitandaoni. Mara nyingi ndiyo pekee inayoamsha ofisi. Lakini mama wa mtu anaonekana humo akiwa nusu uchi kitandani, na picha hiyo itabaki mitandaoni hata baada ya mhudumu kusimamishwa kazi. Rekodi ikiwa ya lazima, mpe mganga mfawidhi au baraza husika.

Hoja ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi, na sina jibu lake lote. Msindikizaji anaweza kumnyang'anya mzee sauti yake. Nimewaona watoto wanaojibu kila swali kabla ya baba kufungua mdomo, wanaoamua upasuaji ufanyike au usifanyike huku mwenye mwili amekaa pembeni kama mzigo ulioletwa. Yapo mambo ambayo mama hatayasema mbele ya mwanawe wa kiume: mkojo unaomtoka akicheka, maumivu ya sehemu za siri, matiti. Tena yapo mabaya zaidi. Anayemsindikiza anaweza kuwa ndiye anayemnyima chakula nyumbani, anayeshika kadi yake ya benki, anayempiga. Kwa hiyo ninapomtetea msindikizaji natetea pia dakika tano za daktari na mzee peke yao, mlango ukiwa umefungwa, kila safari, bila mtu kununa. Mtoto mwenye nia njema hatapoteza kitu kwa kukaa nje dakika tano. Na njiani, kwenye bajaji, muulize mzee mwenyewe: leo unataka tuwaambie nini? Mzee akisema "jambo la choo niachie mwenyewe", liache.

Imebaki hoja inayosikika kuliko zote, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba huduma ya bure haikosolewi. "Umetibiwa bure bado unalalamika?" Imesemwa na wahudumu, imesemwa na viongozi, na linalouma ni kwamba inasemwa na wazee wenyewe. Hakuna matibabu ya bure. Mzee huyu alilipa kodi ya kichwa enzi zake, amelipa ushuru wa kahawa, pamba au korosho yake kila msimu, analipa kodi kwenye sukari anayonunua leo dukani. Mshahara wa mhudumu unatoka humo. Hata tuseme hakuchangia chochote, bado haifuati kwamba mtu aliyesamehewa malipo amesamehe pia haki ya kuambiwa ana ugonjwa gani. Wenye hoja hii hujificha nyuma ya mila, wakisema Mswahili hamjibu anayemhudumia na mzee wa heshima huvumilia. Mila wanayoitaja inaanza na shikamoo. Kijana anayempita mtu wa umri wa bibi yake bila kumwamkia, akamwita "we bibi" na kumfokea kwa kuchelewa kupanda kitanda cha kupimia, ndiye aliyeiacha mila nje ya mlango. Kumkumbusha kwa upole kwamba "daktari, huyu ni mama yangu, zungumza naye" ni kuirudisha ndani.

Kenya wametangulia kwa maandishi. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa familia na Dola pamoja, na mkataba wa haki za wagonjwa wa mwaka 2013 unataja waziwazi haki ya kulalamika. Hata hivyo SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya nchi hiyo, ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, Oktoba 2024, aliyeumizwa na mabadiliko alikuwa mzee yule yule: usajili wa simu, ujumbe wa kuthibitisha unaokwenda kwenye simu ya mtoto aliye Nairobi, kisha alama za vidole, na vidole vyenyewe vimeshika jembe miaka hamsini hadi mistari imefutika. Mfumo ulidhani kila mgonjwa ana simu yake, macho yake na mtu wa kumsaidia. Tanzania inayojenga mfumo wake sasa haina kisingizio cha kutoliona hilo mapema.

Lakini nani hasa atamsindikiza? Hapa wanaharakati wa haki za wazee hupita haraka, nami sitaki kupita. Kwenye mabenchi utakuta mabinti na wakaza wana, mara chache sana vijana wa kiume. Utamkuta mjukuu wa darasa la tano aliyezuiwa shule siku hiyo, anayeshika mkono wa babu na hajui kusoma mwandiko wa daktari. Wenye kipato wako mbali na wametuma pesa kwa simu, "hiyo ya hospitali, mwambieni aende", wakiamini wameshatimiza wajibu. Na aliye karibu ana mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 34, ilimpa mfanyakazi siku nne za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki. Kwa mzazi, sheria hiyo ilitaja kufariki tu. Yaani mwajiri alilazimishwa akuachie ukamzike mama yako, na kumpeleka kwa daktari kabla hajafa kukabaki kuwa huruma ya meneja. Bima yoyote itakayozinduliwa juu ya msingi huo itawakuta mabinti wale wale, wasio na ajira rasmi, wakiacha genge lao la nyanya siku nzima bila fidia ili mfumo ufanye kazi.

Kwa hiyo kama Serikali inamaanisha inaposema wazee kwanza, kuna mambo yasiyohitaji mabilioni. Faili la mgonjwa mwenye miaka 60 na zaidi liwe na mstari wa jina la msindikizaji aliyechaguliwa na mzee mwenyewe, ili msindikizaji huyo asifukuzwe mlangoni, na mtu mwingine asijipe nafasi hiyo. Dawa zote za mzee zimwagwe mezani na zisomwe kila anapohudhuria. Jina liitwe kwa kufuatwa alipokaa. Mkataba kati ya mfuko wa bima na hospitali uhesabu malalamiko yaliyojibiwa, kama unavyohesabu madai ya malipo, maana hospitali hujali kile kinachogusa malipo yake. Kifungu cha 34 kiongezewe neno moja, kuugua, mbele ya neno mzazi. Na kwa wazee wasio na mtoto wala jirani, ambao kwao makala hii yote ni anasa, tuna kikosi kilichokwisha kutangazwa: mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unakusudia kuwafikisha 137,294 ndani ya miaka mitano. Wengi watafundishwa kupima utapiamlo na kufuatilia wajawazito, na ni sawa kabisa. Waandikiwe pia siku ya kliniki ya mzee anayeishi peke yake mwisho wa kitongoji, wampitie asubuhi, wabebe mfuko wake wa dawa, na wakae naye kwenye benchi hadi jina lake liitwe.